Aliyejua Kabla ya Kocha

Keki ilikuwa bado ipo. Mwenyekiti wa klabu aliitoa kwenye jokofu la ofisini kwake, akaiweka mezani juu ya magazeti, akaikata kwa kisu cha kufungulia barua. Krimu ilishaanza kugeuka njano, lakini maandishi yalisomeka vizuri: KWAHERI KOCHA, AHSAN… Herufi zilizobaki zilikuwa zimeshaliwa.

"Karibu, Inspekta. Isiharibike bure."

"Ahsante. Niko kazini."

"Sajini?"

Sajini aliitazama keki, akamtazama mkubwa wake, akameza mate. "Na mimi niko kazini," akasema kwa huzuni.

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, ambaye wenzake kituoni walimwita Sindano akiwa hayupo, kwa sababu ukichomwa na swali lake husikii kitu hapo hapo. Maumivu yanakuja ukishafika nyumbani. Aliketi bila kuambiwa aketi.

"Nieleze tena," akasema. "Kuanzia mwanzo, kama vile mimi sijui mpira."

Mwenyekiti alieleza huku anatafuna. Timu ilikuwa inashika nafasi ya tatu kwenye ligi. Kocha alikuwa hodari, hilo hakulikataa. Lakini Kocha hakutaka kumpanga golini kijana mmoja mwenye kipaji.

"Mpwa wako," Inspekta akasema.

"Mwenye kipaji," Mwenyekiti akasema. "Basi tukaona tuachane kwa wema. Nilimwita hapa mchana wa Jumatatu. Nikamwambia: ndugu yangu, andika umejiuzulu kwa sababu za kifamilia. Mkataba wako tunakulipa wote, na barua ya sifa nakuandikia mwenyewe, popote utakapokwenda watakupokea kwa zulia. Akafikiri, akanipa mkono. Akasema, 'Kesho asubuhi nakuja kutia sahihi.' Mkono huu hapa! Nikawaita waandishi wa habari. Nikaagiza keki."

"Asubuhi?"

"Asubuhi kaingia amevimba uso kama mtu aliyelala na nyuki. Mbele ya waandishi, mbele ya wachezaji, anasema, 'Sitii sahihi. Kama wewe mwanaume, nifukuze.' Nikamfukuza. Wewe ungefanya nini?"

"Ningeuliza usiku ule kulitokea nini."

"Kulitokea tiketi, mama!" Mwenyekiti akapiga meza, keki ikaruka. "Watu wanabeti kocha gani atafukuzwa kwanza. Jina la huyu hakuna aliyekuwa analigusa, timu iko juu, nani angepoteza hela yake? Halafu jioni ile ile, kabla sijamfukuza, tiketi za jina lake zinanunuliwa, moja baada ya nyingine. Akijiuzulu, tiketi hazilipwi. Akifukuzwa, zinalipwa mara nyingi. Basi akakataa kujiuzulu. Mnataka ushahidi gani tena, mpaka mpira wenyewe uje useme?"

Hivyo ndivyo jiji zima lilivyosema, na hivyo ndivyo lilivyosema jalada lililokuwa kwenye gari la polisi. Pasipoti ya Kocha ilikuwa imechukuliwa. Leseni yake ya kufundisha ilikuwa imesimamishwa, na ikithibitika kwamba alibeti juu ya kazi yake mwenyewe, haitarudi mpaka anaingia kaburini, mbali na kifungo. Mkuu wa kituo alikuwa ametoa amri asubuhi hiyo: jalada liende kwa mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa.

"Hapa klabuni nani mwingine alijua kwamba Kocha anaondoka?" Inspekta akauliza.

"Mimi, katibu wangu, na kocha msaidizi ambaye ndiye alikuwa achukue timu. Na muuza keki."

"Na wote mlijua kwamba anajiuzulu."

"Sasa keki ya kumuaga mtu unayemfukuza nani ananunua?"

Inspekta akasimama. Mlangoni akageuka. "Huyo kijana, anadaka vipi?"

Mwenyekiti akaifunika keki kwa gazeti. "Bado anajifunza," akasema.

*

Kwenye gari, Sajini alijitahidi kunyamaza akashindwa. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na tangu utotoni alikuwa shabiki wa timu ile, kwa hiyo alizoea kuumia.

"Afande, mimi nasema ni msaidizi. Anataka kiti, anajua siri, anabeti, anapata kiti na hela. Jiwe moja, ndege wawili."

"Unasema kama polisi au kama shabiki?"

"Kama shabiki, afande. Kama polisi bado sijaanza kusema."

"Basi anza. Msaidizi alijua nini jioni ile ya Jumatatu?"

"Kwamba Kocha anaondoka."

"Kwamba Kocha anajiuzulu. Kapeana mkono na Mwenyekiti, keki imeagizwa. Tiketi ya kufukuzwa kwa mtu anayejiuzulu ni karatasi ya kufungia karanga. Ungeinunua wewe?"

Sajini alipunguza mwendo. "Nisingeinunua."

"Wala msaidizi, wala katibu, wala Mwenyekiti. Walioijua siri ya klabu ndio hasa ambao wasingebeti."

"Basi anabaki Kocha mwenyewe," Sajini akasema shingo upande.

"Kocha, au mtu mwingine aliyejua kwamba Kocha atabadili nia. Mimi nataka kujua alilijua hilo lini. Simama hapo."

Lilikuwa duka la kubeti kando ya kituo cha mafuta. Ndani kulikuwa na televisheni zilizoning'inia, viti vya plastiki, sakafu iliyojaa tiketi zilizochanwa, na wanaume kadhaa waliokuwa wakitazama mbio za mbwa wa nchi za mbali kwa makini kuliko wanavyowatazama watoto wao. Ukutani palikuwa na picha za makocha wote wa ligi kuu, safu baada ya safu, kama wanafunzi waliomaliza shule, na juu yao maandishi mekundu: NANI ATAFUKUZWA KWANZA? Picha ya Kocha ilikuwa imeshapigwa msalaba kwa kalamu nene. Chini ya picha nyingine mtu alikuwa ameandika: *wewe utafuata, baba.*

Karani alikuwa nyuma ya dirisha la nondo, anapaka rangi kucha za mkono wa kushoto.

"Tiketi ya kwanza ya Kocha jioni ile ilikatwa kwenye dirisha lako," Inspekta akamwambia. "Nyingine zilikatwa kwenye maduka mengine ya kampuni yenu, lakini ya kwanza hapa. Unamkumbuka aliyeinunua?"

"Dada yangu, hapa wanaingia watu kama siafu. Sura zote moja: ya mtu atakayeliwa. Nimkumbuke nani?"

"Sikuulizi sura. Alisema nini?"

Karani alisimamisha brashi hewani. "Ngoja. Ni yule aliyenifanya nipige simu makao makuu?"

"Kwa nini ulipiga?"

"Kwa sababu aliuliza swali! Hapa watu hawaulizi. Wanatoa hela, wanamwomba Mungu, wanaondoka wanalia. Huyu, kabla hajatoa hata senti, akaniuliza, 'Kocha akijiuzulu mwenyewe, mnahesabu amefukuzwa?' Nikamwambia, baba, si yale yale? Aliyeondoka si ameondoka? Akaniambia, 'Binti, kwenye sheria hakuna yale yale. Uliza.' Kwa upole tu, lakini upole ule wa mwalimu mwenye fimbo nyuma ya mgongo."

"Ukauliza."

"Nikauliza. Wakaniambia akijiuzulu, tiketi imekufa. Nikamwambia, baba, umesikia, bora uende ukanunue mkate. Nilidhani ataondoka. Akafikiri. Akaangalia saa mbili, akasema, 'Kata.'"

Sajini, aliyekuwa akiandika, akainua kichwa. "Ilikuwa saa mbili usiku?"

"Usiku gani? Jua lilikuwa bado linawaka. Nasema alivaa saa mbili. Moja mkono huu, moja mkono huu. Akaangalia hii, halafu hii. Nikasema moyoni, huyu mzee ana haraka au ana kichaa?"

Sajini aliacha kuandika. Kalamu ilibaki imegusa karatasi mpaka wino ukafanya doa.

"Afande," akasema polepole, "twende nje."

Nje aliegemea gari, akavua kofia, akajifuta kipara.

"Sema," Inspekta akasema.

"Kwenye mpira, anayevaa saa mbili ni mtu mmoja tu. Refa. Moja anaisimamisha mchezo ukisimama, nyingine anaiacha iende. Na mtu anayeuliza sheria kabla filimbi haijapulizwa ni huyo huyo." Akavaa kofia, akaivua tena. "Kocha ana kaka yake. Mimi nimemtukana yule mzee uwanjani tangu nina nywele. Alichezesha fainali ngapi! Hata jina lake watu wamelisahau, wanamwita Refa. Sasa ameshastaafu, anauza vikombe na medali. Lakini afande, yule ndiye aliyemlea Kocha. Wazazi walikufa, yeye ndiye baba, yeye ndiye mama. Hawezi."

"Huyo ni polisi anayesema, au shabiki?"

Sajini akavaa kofia, akafungua mlango wa gari.

Walipita kwenye maduka yote. Inspekta alitaka wayapitie kwa utaratibu ambao tiketi zilinunuliwa, la kwanza kwanza na la mwisho mwisho. Kutoka kituo cha mafuta waliteremka na barabara ya chini. Duka la pili lilikuwa ubavuni mwa duka la dawa. La tatu lilikuwa chini ya ngazi za daktari wa meno, na mtu mwenye jino bovu angeweza kupoteza jino na hela katika nyumba moja. Baada ya hapo maduka yaliendelea kufuatana upande ule ule. Makarani wawili walimkumbuka mzee wa saa mbili. Wengine hawakumkumbuka mtu yeyote. La mwisho kabisa lilikuwa kwenye kona, na Sajini alipozima gari na kuinua macho aliona, ng'ambo ya barabara, geti la kijani analolijua kila shabiki wa timu.

"Nyumbani kwa Kocha," akasema.

"Na Refa anaishi wapi?"

"Dukani kwake. Kule juu tulikoanzia, nyuma ya kituo cha mafuta."

Inspekta alilitazama geti, kisha akaitazama barabara waliyotoka. "Tiketi zinaanzia kwa kaka, zinaishia kwa mdogo. Zingekuwa zimenunuliwa baada ya mazungumzo, zingeanzia hapa zipande juu. Huyu alikuwa anakuja, Sajini. Hakuwa anaondoka."

"Maana yake?"

"Maana yake Kocha alikuwa hajabadili nia, na tiketi zilikuwa zimeshakatwa. Mtu alijua kabla ya Kocha mwenyewe kwamba Kocha atakataa. Alijua kwa sababu alikuwa njiani kwenda kumkataza."

Sajini aliwasha gari, likazimika, akaliwasha tena.

*

Duka la Refa lilikuwa chumba kimoja chembamba kinachong'aa. Vikombe vilijaa rafu mpaka darini: vya shaba, vya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, vya mikono miwili, vya mfuniko, vyote vikingoja mtu ashinde kitu. Refa mwenyewe, mrefu, mkavu, kichwa cheupe, alikuwa ameinama juu ya kibati kidogo akichora herufi kwa kalamu ya umeme iliyolia kama mbu. Mguu mmoja aliunyosha pembeni, goti halikukunjika. Mikono ya shati alikuwa ameifunga mpaka vifungo vya mwisho.

"Karibuni. Nimalizie herufi mbili tu. Ukikatisha, mstari unapinda." Alimaliza, akapuliza vumbi. "Mshindi wa pili. Hawa ndio wateja wangu wa kweli. Mshindi wa kwanza haangalii maandishi, wa pili huyasoma kila siku."

"Tumekuja kuhusu mdogo wako, mzee."

"Najua. Shikeni viti. Wewe Sajini sura yako naijua. Jukwaa la mashariki."

Sajini aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulikuwa na sauti kubwa."

Inspekta hakungoja. "Jumatatu mdogo wako alikupigia simu."

"Alinipigia. Hata akiumwa jino ananipigia mimi kabla ya daktari."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba wanamsumbua ajiuzulu."

"Alikuambia amekubali?"

Refa alichukua kitambaa, akaanza kusugua kikombe ambacho hakikuwa na doa. "Hapana. Alikuwa hajaamua. Nilimkuta bado anafikiri."

"Ukamshauri."

"Nikamshauri asitie sahihi. Inspekta, mimi nimechezesha mpira tangu nyasi za uwanja ule hazijapandwa. Mchezaji anayetoka uwanjani kwa miguu yake hana haki yoyote. Anayetolewa ana rufaa. Nilimwambia ukweli wa sheria."

"Kwenda kwake ulipita njia gani?"

"Ya juu, ya hospitalini."

"Ya chini ni fupi."

"Ya chini ina kelele."

"Ukasimama mahali?"

"Mdogo wangu ana shida, nisimame wapi?"

"Unabeti, mzee?"

Kitambaa kilisimama. Refa alicheka kwa pua. "Refa habeti."

"Ulishastaafu."

"Refa hastaafu. Wanamsahau tu." Alikiweka kikombe chini, taratibu mno. "Nikuambie kitu kuhusu mpira, mama, kwa kuwa naona hukuupenda. Kila mtu kwenye mpira anakula. Mchezaji anakula. Kocha anakula. Mwenyekiti anakula mpaka nyasi. Mimi nilikula matusi. Walimtukana mama yangu yupo kaburini, maelfu ya watu kwa sauti moja, na huyu Sajini wako akiwa kiongozi wa kwaya. Goti hili lilivunjwa kwa chupa ya soda siku niliyokataa penalti ambayo haikuwa penalti. Nani amelilipia? Nilipostaafu walinipa cheti. Cheti chenyewe nilikichonga mimi, hapa hapa, kwa punguzo la bei."

"Mdogo wako hakukusaidia?"

"Alisaidia. Kila sikukuu alinitumia shati." Akanyosha mkono kuwaonyesha kitambaa cha shati, kizuri, cha rangi ya maziwa, na mkono wa shati ukapanda. Saa ilikuwepo. Alipogundua wapi macho ya Inspekta yamekwenda, aliushusha mkono, na kwa mazoea ya miaka mingi akaiangalia ile saa nyingine.

"Kuna kitu kingine?" akauliza.

"Kwa leo hapana."

Walipofika nje Sajini alisema, "Tumkamate sasa hivi. Karani atamtambua."

"Atamtambua, na halafu? Mwendesha mashtaka atafurahi sana. Atasema, ahaa, Kocha alimtuma kaka yake. Mmoja anunue, mwingine akatae kutia sahihi. Tukimkamata Refa hivi hivi, tunamfunga Kocha kamba ya pili."

"Sasa?"

"Anayejua kilichosemwa kwenye simu ni Kocha peke yake. Refa anadai hakuambiwa kwamba mdogo wake amekubali. Kocha akiapa kwamba alimwambia, 'nimekubali, kesho natia sahihi,' basi Refa alinunua tiketi akijua zimekufa, akaenda kuzifufua kwa mdomo. Kesi inakuwa ya Refa, na Kocha anatoka."

"Na Kocha asiposema?"

"Jalada linakwenda jioni hii jinsi lilivyo."

*

Kocha aliwafungulia mlango mwenyewe. Alikuwa amevaa suruali ya mazoezi na ndala, ndevu hazijanyolewa, na sebuleni mapazia yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya wapiga picha. Juu ya meza alikuwa amepanga njumu za wachezaji, jozi moja moja, akizishona nyayo. Alipoona wanazitazama alisema, "Waliniletea kabla sijafukuzwa. Sikupenda kuwarudishia zimechanika." Jikoni mkewe alikuwa anakatakata vitunguu, na mlango ulikuwa wazi.

Inspekta alimweleza kila kitu, bila kupamba wala kupunguza: swali lililoulizwa dirishani, saa mbili, maduka ya barabara ya chini. Kocha alisikiliza huku sindano ya kushonea viatu iko mkononi. Kisu cha jikoni kilikuwa kimenyamaza.

"Nakuuliza jambo moja," Inspekta akamaliza. "Ulipompigia simu kaka yako, ulimwambia umekubali?"

"Mnajua yule ni nani kwangu?"

"Tunajua."

"Hamjui. Mimi nilivaa viatu vya shule, yeye akatembea pekupeku. Filimbi ya kwanza aliyopuliza maishani alilipwa, na akaninunulia mpira." Akaiweka sindano chini. "Mnasema alinunua tiketi. Sawa. Ana shida, na mimi mashati yangu… Sawa. Lakini labda alinunua alipotoka hapa. Tumeongea, amejua sitatia sahihi, anarudi kwake, anaona duka, shetani anamwambia pita. Hilo ningemsamehe leo hii. Mwenye njaa akipita kwenye chungu kilicho wazi, atachovya."

"Hakununua alipotoka," Inspekta akasema.

"Unajuaje?"

"La kwanza ni lile la karibu na kwake, pale kituo cha mafuta. La mwisho ni hili la ng'ambo ya geti lako. Alimaliza hapo, akavuka barabara, akabisha hodi."

Kocha alimtazama Sajini, kama mchezaji anavyomtazama mshika kibendera akitumaini amekosea. Sajini aliangalia njumu.

"Alipoingia alikuwa anahema," mke akasema kutoka mlangoni. Alikuwa amesimama na kisu mkononi, macho yamejaa, labda kwa vitunguu. "Nikampa maji. Nikamwambia, shemeji, umekimbia? Akasema ni goti. Halafu akakaa pale, akala, akaongeza, akakushawishi usitie sahihi mpaka ukalia. Wewe ulikuwa umeshanionyesha shati la kuvaa kesho. Ulikuwa umekubali, baba watoto. Ulikuwa na amani."

"Nyamaza kidogo, mama."

"Nanyamaza."

Kocha alichukua simu, akaibonyeza, akaiweka mezani katikati ya njumu ili wote wasikie. Iliita. Upande wa pili ilipopokelewa, ile kalamu ya umeme ilikuwa inalia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Vipi, wamekurudishia pasipoti?"

"Bado. Kaka, nataka nikuulize kitu. Siku ile ulipokuja kwangu, ulipita mahali popote kabla hujafika?"

"Nipite wapi? Nilifunga duka nikaja moja kwa moja."

"Fikiri vizuri. Hata kama ni jambo la aibu. Niambie mimi, kaka. Nikilisikia kwako, litaishia kwangu."

Mlio wa kalamu ulikatika. Sajini alikuwa amefumba macho, midomo yake ikichezacheza, kama alivyokuwa akifanya jukwaani wakati wa penalti.

"Hakuna, mdogo wangu," Refa akasema. "Kwani nani anakuuliza?"

"Hakuna anayeniuliza."

"Basi tulia. Usiwasikilize hao watu, mpira una wivu. Jioni nitapita hapo tuongee."

"Sawa, kaka."

Simu ilikatika. Kocha aliisukuma pembeni, akazikusanya njumu, akazishusha sakafuni jozi baada ya jozi mpaka meza ikawa tupu.

"Leta karatasi," akasema. "Niandike kwa mkono wangu?"

"Kwa mkono wako. Anza na simu."

Aliandika. Aliandika polepole, akikandamiza kalamu, bila kufuta neno. Alipofika kwenye maneno aliyomwambia kaka yake, alisimama akayasema kwa sauti ya chini kabla ya kuyaandika: "Kaka, nimekubali, nimechoka, kesho natia sahihi." Na jibu: "Usifanye lolote mpaka nifike." Inspekta alimwonyesha mahali pa kutia sahihi, akamwelekeza Sajini aende garini akaite kituoni, askari waende dukani kwa Refa pamoja na makarani wakamtambue. Sajini alitoka, kofia mkononi.

Kocha alikuwa ameshaigusa karatasi kwa ncha ya kalamu. Mkewe alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Alisema atapita jioni," akasema. "Nimwekee shemeji chakula?"

Kocha alitia sahihi, jina zima.

"Usimwekee."